Forodha Kwanza, Hekalu Baadaye

Ukipanda juu ya paa la ghorofa yoyote ndefu pale Hurumzi, Mji Mkongwe, unayaona mabati yenye kutu, minara ya misikiti, na katikati yake kilele cha hekalu la Wahindu la Shiv Shakti. Chini kichochoroni, viatu vinavuliwa mlangoni, na kengele ikigongwa husikika hadi baraza za majirani Waislamu.

Mtu angedhani mji hukua ukilizunguka hekalu lake. Thanjavur, kusini mwa India, ndivyo ilivyokuwa: mambo yalianzia hekaluni. Mfalme Rajaraja I alilikamilisha hekalu la Brihadisvara mwaka 1010, na maandishi yaliyochongwa ukutani yanataja vijiji vilivyolipelekea mpunga na wacheza ngoma 400 wa kike waliopewa makazi jirani. Hekalu likawa mwenye ardhi, mwajiri na mkopeshaji. Mji ukakua ukilizunguka.

Unguja, kinyume chake, mji ulikuzwa na forodha. Jina la Forodhani bado linashuhudia, ingawa siku hizi watu huenda pale kutafuta urojo na pweza. Kuanzia miaka ya 1830 Sultani Seyyid Said bin Sultan aliikodisha kazi ya kukusanya ushuru kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya wafanyabiashara ya Wabhatia kutoka Kutch, magharibi mwa India. Kila mwaka Sultani alilipwa kiasi walichopatana. Kilichozidi kikawa faida ya mkodishwaji. Pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, vitambaa vya merikani: vyote vilipita mikononi mwa nyumba hiyo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Desemba 1856 kujiandaa kwa safari ya bara, mtu wa kumwendea alikuwa Ladha Damji, msimamizi wa forodha wa nyumba hiyohiyo.

Utajiri wote huo, na bado wafanyabiashara hao wa Kihindu, Wabaniani kama walivyoitwa, waliishi kama wasafiri. Mila iliwazuia wanawake wao kuvuka bahari, hivyo wanaume walikuja peke yao, wakafanya kazi miaka kadhaa, wakarudi Kutch kwa wake zao. Lakini ili lisimame, hekalu linataka watoto wa kufundishwa, harusi, akina mama wa kupika vyakula vya sikukuu. Familia zilipoanza kuhamia, kuelekea mwisho wa karne ya 19, ndipo jumuiya ikaota mizizi.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 Wahindi wengi waliondoka. Milango yao imebaki. Mlango wa Kiarabu una mbao mbili nzito. Wa Kigujarati una vipande vyembamba vinavyokunjwa kimoja juu ya kingine, mpaka duka zima linakuwa wazi kwa mpita njia.