Kondoo Wawili wa Mfalme

Katika nchi ya Moroko, ambako Idi ya Mfunguo Tatu huitwa Idi Kubwa, siku hiyo hutanguliwa na mlio wa kondoo juu ya madari, kwani mnyama huletwa nyumbani siku kadhaa kabla, akalishwa na watoto mpaka wakamzoea, kisha asubuhi baada ya sala baba yule yule aliyemleta humlaza kwa ubavu akamwelekeza kibla. Wapo watoto wasioonja nyama ile, wala siwacheki, maana Mtume (rehema na amani zimshukie) alikataza kisu kunolewa mbele ya macho ya mnyama.

Lakini dhiki iliyo kubwa zaidi ni ya mfuko. Atamaniwaye ni kondoo wa Sardi, mweupe mwenye duara nyeusi machoni, atokaye pande za Settat, na si haba wakopao au wauzao vyombo vyao ili wampate, hali ya kuwa katika madhehebu ya Imamu Malik, yafuatwayo huko, udhia ni sunna iliyokokotezwa, tena kwa awezaye. Khofu ya sunna kugeuzwa faradhi ni ya kale: imepokewa kwamba Abubakar na Omar walikuwa wakiacha kuchinja, wasije watu wakawaiga kwa kudhani ni lazima, na khabari hiyo Imamu Shafi, tumfuataye sisi wa pwani, aliishika kuwa hoja.

Basi mwaka 1996, ukame ulipokwisha kuangamiza mifugo, Mfalme Hassan II aliwataka raia zake wasichinje, kama alivyowataka mwaka 1963 na 1981. Mwanawe, Mohammed VI, akafanya vivyo hivyo mwaka 2025: mwezi wa Februari waziri wa wakfu alisoma barua yake katika televisheni, wakati mifugo ilipokuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu hesabu iliyotangulia, na mfalme akaahidi kuchinja kwa niaba ya watu wake, kwa kumfuata Mtume aliyechinja kondoo wawili, mmoja wake na mmoja wa umma.

Wengi walishusha pumzi, hasa wenye madeni, wengine walinuna. Na zilipokaribia siku za Idi, watu walisongamana kwa wauza nyama kutafuta maini na matumbo, bei ikapanda mno, kwani desturi ya huko ni maini yaliyoviringwa kwa shahamu yakachomwa mishikakini, na harufu ile mfalme hakuweza kuwatolea kwa niaba.