Bahari Yetu, Daftari la Nani?

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiielekea Mafia na boti za Unguja zimezuiwa kuondoka Dar es Salaam, wanafunzi wangu wawili walinijia ofisini. Walikuwa wakiandika juu ya vimbunga viwili vya zamani vya pwani yetu: kile cha Aprili 1872, kilichovunja vyombo bandarini Unguja na kung'oa minazi na mikarafuu, na kile cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Walitaka kujua habari za joto la bahari, la zamani na la sasa. Nikawaelekeza kwenye ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, nikawaandikia barua ya utambulisho. Huko wakaambiwa barua ile haitoshi, iandikwe nyingine kwa mkuu mwingine, na kwamba takwimu zina ada. Usiku ule ule mmoja wao, akiwa bwenini na simu yake, alipakua vipimo vya joto na chumvi vya maji yaliyo mashariki ya Mafia kutoka kanzidata iliyoko Brest, Ufaransa. Hakuombwa barua wala senti.

Wengi wetu tukisikia kisa kama hiki tunakimbilia kulaumu urasimu, na urasimu kweli upo. Lakini mimi ni mwalimu wa historia, na nadhani ukiritimba huu una nasaba yake. Ndugu msomaji, naomba nikurudishe nyuma kidogo.

Manahodha wa mwambao huu walikuwa na elimu ya bahari kabla ya kompyuta na kabla ya kipimajoto. Walihesabu mwaka wa jua tangu Nairuzi, siku ambayo Makunduchi bado wanaiadhimisha kwa Mwaka Kogwa, wakaugawa katika miongo, yaani vipindi vya siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo walijua kaskazi itaanza kulegea mwongo upi na kusi itashika lini. Elimu hiyo ilikaa vichwani, ikapokewa na mwana kutoka kwa baba au na baharia kutoka kwa nahodha wake. Haikuwa siri kwa maana ya kufichwa kabatini, ila mlango wake ulikuwa ni kusafiri. Asiyepanda chombo hakuipata.

Mtu aliyegeuza maandishi ya mabaharia kuwa mali ya wengi alikuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani, Matthew Fontaine Maury. Mwaka 1839 aliumia mguu katika ajali ya gari la farasi, akashindwa kurudi baharini, na mwaka 1842 akapewa kusimamia bohari ya ramani na vyombo mjini Washington. Humo alikuta marundo ya madaftari ya safari za meli ambayo hakuna aliyeyajali. Kila daftari lilikuwa na upepo wa siku, mkondo na mahali chombo kilipokuwa. Maury alifanya jambo ambalo likisemwa linaonekana dogo: aliyasoma yote pamoja. Mwaka 1847 akaanza kutoa ramani za pepo na mikondo, na sharti lake lilikuwa la ajabu kwa zama zile. Nahodha alipewa ramani bure, naye akaahidi kujaza fomu za safari yake na kuzirudisha. Toa chako, upate cha wote. Mwaka 1853 mjini Brussels nchi 10 zilikubaliana kuandika habari za bahari kwa namna moja.

Nchi hizo zilikuwa za Ulaya, pamoja na Marekani. Hapakuwa na mjumbe hata mmoja kutoka Bahari ya Hindi, ingawa Unguja ilikuwa na mkataba wa biashara na Marekani tangu 1833 na meli za Salem zilizotuletea merikani zilikuwa zikiandika pepo zetu katika madaftari yao. Wala Maury mwenyewe hakuwa mtakatifu: mwaka 1861 alijiunga na majimbo yaliyoasi ili kuutetea utumwa. Nayasema haya si kwa kumkejeli marehemu, bali kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba uwazi wa elimu ni dalili ya wema wa moyo. Maury aliweka takwimu wazi kwa kuwa meli zilizofika mapema ziliingiza fedha. Hata hivyo kazi yake ilidumu kuliko siasa zake. Madaftari aliyoyakusanya yalikuja kuingizwa kwenye kompyuta, yakaunganishwa na mamilioni ya maandishi mengine ya meli, na leo ni sehemu ya msingi ambao wanasayansi wanautumia kueleza joto la bahari za karne ya 19.

Karne ya 20 ilikuja na uwazi na usiri ndani ya nyumba moja. Katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, vilianzishwa vituo vya takwimu vya dunia, kimoja Marekani na kingine Urusi ya Kisovieti, kila upande ukiweka nakala ili vita isije ikaangamiza vyote. Wakati huohuo nyambizi za mataifa hayo zilipita chini ya barafu ya Aktiki zikipima unene wake, na vipimo vikafungiwa makabatini. Mwaka 1985 Marekani ilirusha setilaiti ya Geosat kupima usawa wa uso wa bahari, kipimo ambacho kinafichua milima na mabonde yaliyo chini ya maji. Takwimu zake nyeti zilifunguliwa mwaka 1995 tu, setilaiti ya Ulaya ilipokwisha kupima jambo lilelile. Siri iliachiwa ilipokoma kuwa siri. Vipimo vya barafu navyo vilipotolewa, ndipo watafiti walipoonesha mwaka 1999 jinsi barafu ile ilivyokuwa imekonda tangu miaka ya 1950.

Na sisi je? Kati ya 1959 na 1965, miaka ileile ambayo bendera zetu zilikuwa zikipandishwa, meli zipatazo 40 za mataifa mbalimbali ziliizunguka Bahari ya Hindi katika msafara mkubwa wa kisayansi. Meli mojawapo, Anton Bruun, iliwahi kuwa boti ya anasa ya Rais Truman. Mazao yake yalikusanywa katika atlasi ya Klaus Wyrtki iliyotoka mwaka 1971, kitabu kikubwa na cha thamani, ambacho wavuvi wa Kilwa hawakupata kukiona.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mwaka huohuo wa 1971, Frank Njenga, mwanasheria wa Kenya, alipeleka mbele ya wanasheria wa Asia na Afrika waliokutana Colombo wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari. Lilikua hadi likawa maili 200 za bahari ndani ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Mkataba huo unataka meli ya utafiti ya kigeni iombe ridhaa ya nchi yenye pwani miezi sita kabla, na Ibara ya 249 inaitaka impe mwenyeji takwimu na kumsaidia kuzielewa. Wapo wanaosema kifungu hicho ni kizuizi kwa sayansi. Mimi siwaungi mkono. Kwa nchi iliyotoka kutawaliwa, ambayo imeona ramani ikitangulia na manowari ikifuata, kuuliza "unapima nini, na kwa ajili ya nani?" kulikuwa ni haki, tena haki iliyochelewa. Anayejua samaki walipo mapema kuliko mwenye maji ndiye atakayewavua.

Kisha mwaka 2000 yakaanza kutupwa baharini maboya ya Argo. Boya moja huzama hadi mita 1,000, likachukuliwa na mkondo, likashuka hadi mita 2,000, kisha likapanda likipima joto na chumvi na kurusha habari zake kwa setilaiti. Hufanya hivyo kila siku kumi. Nahodha wa zamani angesema, kila mwongo. Kufikia Novemba 2007 yalikuwa 3,000. Kwa kawaida vipimo huwekwa kwenye mtandao ndani ya saa 24, kwa yeyote. Hata hapa, tayari mwaka 1999, nchi za pwani zilidai zijulishwe boya likielekea kwenye maji yao, na Tume ya Bahari ya UNESCO ikakubali.

Mwaka 1999 pia, N. H. Saji na wenzake waliokuwa Japani walieleza kwa mara ya kwanza ule mzunguko wa joto wa Bahari ya Hindi ambao, upande wa magharibi ukipata joto na mashariki ukipoa, hutuletea mafuriko. Maji yaliyotufikia mwaka 1997 na tena mwishoni mwa 2019 yana maelezo yake humo. Elimu hiyo ilitoka katika takwimu zilizokusanywa na kuwekwa pamoja kwa miongo mingi. Ingekuwa kila kipande kimefungiwa katika ofisi yake, Saji asingeona kitu.

Kwa hiyo, tulijenga ukuta dhidi ya meli ya mgeni, na mgeni akaja kutazama kwa setilaiti na maboya yanayoelea. Ukuta ukabaki. Anayekwama nje yake leo ni mtoto wa Kitanzania mwenye barua mkononi, anayetaka vipimo vilivyolipiwa kwa kodi ya mama yake. Haki ya dola mbele ya mgeni imegeuzwa haki ya karani mbele ya raia, na sheria ya 1982 haikusema hivyo popote.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba Brest na Washington zitutoshe. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017 wanazuoni wa Marekani na Kanada walikesha wakinakili takwimu za tabianchi za serikali ya Marekani kwa hofu kwamba utawala mpya ungeziondoa. Mei 2025 idara ya bahari na anga ya nchi hiyo ilitangaza kwamba haitaendelea kuisasisha orodha yake ya majanga ya hali ya hewa yenye hasara ya dola bilioni moja na zaidi. Dirisha ambalo mwanafunzi wangu alichungulia lina mwenyewe, na mwenyewe ana bajeti na uchaguzi.

Mfano wa kufanya vingine upo hapahapa. Kipimo cha maji kujaa na kupwa cha Unguja kimeandikwa tangu 1984, na rekodi yake iko wazi kwenye mtandao, mtu wa Liverpool na mtu wa Malindi wakiisoma sawasawa. Sijaona taifa lililopungua kwa hilo. Wanafunzi wangu waliichapisha kwenye karatasi ndefu wakaibandika ukutani mwa darasa, miaka ikifuatana kutoka mlangoni hadi dirishani. Pembeni yake wamebandika nakala ya barua yetu ya pili, yenye muhuri wa kupokelewa. Majibu hayajaja. Jumatatu tunakwenda tena, safari hii watatu, na nimewaambia wachukue stakabadhi ya ada.