Feni ya rejeta: kwa nini huvuma na kelele hupunguzwaje

Msikilizaji, lori lililojaza mahindi likitoka Handeni kwenda Korogwe, au gari dogo likipanda mlima kutoka Mombo kwenda Soni, huanza kuvuma mbele. Mara nyingi ni feni ya rejeta. Wengi huamini kwamba feni yenye kelele ndiyo yenye nguvu. Sivyo. Kelele ni dalili ya hewa inayovurugika.

Kelele hutoka wapi?
Kila panga la feni hukata hewa. Feni ya mapanga 7 ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, mapanga hupita mahali pamoja mara 280 kwa sekunde. Hapo ndipo mvumo unapotokea. Hewa inayochepuka kwenye ncha za mapanga huongeza kelele.

Watengenezaji hufanya nini?
Kwanza, hupunguza mwendo. Feni ileile ikizungushwa mara 2 zaidi, upepo huongezeka mara 2, lakini hula nguvu mara 8, na nishati ya sauti hupanda takriban mara 32. Ndiyo maana feni pana inayozunguka taratibu huwa tulivu.

Pili, hupinda mapanga kama mundu, yasikate hewa yote kwa mpigo mmoja. Baadhi huyapanga kwa nafasi zisizolingana ili sauti isiwe mluzi mmoja mkali.

Tatu, huunganisha ncha kwa pete, na kuizungushia feni kava lililo karibu nayo.

Nne, huweka klachi ya feni au mota ya umeme, ili feni iende kasi pale tu injini inapopata joto.

Kwako wewe mwenye gari
Usikubali kava litupwe wala mapanga yakatwe ili kelele ipungue. Bila kava, feni huzungusha hewa ya moto iliyo ndani ya boneti badala ya kuvuta hewa kupitia rejeta. Gari litachemsha, na gasketi ya silinda hedi inaweza kuungua. Feni mpya ilingane na ya zamani kwa upana, idadi ya mapanga na upande wa kuzunguka. Panga likivunjika, feni hutikisika na kuharibu beringi ya pampu ya maji.

Ukisikia mvumo mpya, zima injini kabla ya kuangalia. Tahadhari: feni ya umeme huweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.