Uchaguzi mdogo wa Peterborough, 2019

Uchaguzi mdogo wa Peterborough ulifanyika tarehe 6 Juni 2019 katika jimbo hilo la mjini, mashariki mwa Uingereza. Fiona Onasanya, aliyelitwaa kwa kura 607 tu mwaka 2017 kupitia Labour, alifungwa jela Januari 2019 kwa kupotosha haki: alidanganya kuhusu kosa la mwendo kasi barabarani. Sheria ya mwaka 2015 inaruhusu wapiga kura kumwondoa mbunge aliyefungwa iwapo asilimia 10 watatia saini. Hapa walitia saini zaidi ya robo, naye akawa mbunge wa kwanza kung'olewa kwa njia hiyo.

Chama cha Brexit, kilichokuwa na umri wa miezi michache na kimetoka kuongoza uchaguzi wa Bunge la Ulaya, kilitarajiwa na wengi kushinda. Lisa Forbes wa Labour alipata 10,484, Mike Greene wa Brexit 9,801. Wahafidhina wakawa wa tatu. Ubunge wa Forbes haukufika Krismasi, maana Mhafidhina Paul Bristow alimshinda Desemba. Jimbo lenyewe ni kigeugeu wa siku nyingi: mwaka 1966 liliamuliwa kwa kura 3.