Stara ya Mpangaji

Nyumba ni stara ya mtu, na aliyepanga ameazima stara hiyo kwa bei. Siku ya kodi ikifika naye hana kitu, kinachotikisika si paa tu, bali na heshima ya wote wakaao chini yake. Mjimwema, kata ya Manispaa ya Songea, ni kama miji mingi ya Tanzania: vyumba hupangishwa kimoja kimoja, na mara nyingi mwenye nyumba huishi humo humo. Nani amsaidie mpangaji aliyepungukiwa? Swali hilo ni la zamani, na historia imelijibu kwa njia mbalimbali.

Jibu la kwanza lilikuwa sheria. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Tanganyika iliwekea mpaka upandishaji wa kodi za nyumba. Sheria ya 1951 iliendeleza mpaka huo, ukadumu baada ya Uhuru, na sheria Na. 17 ya 1984 ikaupa sura mpya. Mpangaji hakuweza kutolewa ila kwa amri, kwa sababu zilizotajwa, na baada ya kuonekana kwamba ni haki kumtoa. Deni la kodi lilikuwa moja la sababu hizo, lakini deni peke yake halikuwa hukumu. Mdaiwa alisikilizwa kwanza.

Jibu la pili lilikuwa serikali yenyewe kuwa mwenye nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi yake iliunganishwa na ya Shirika. Hatua hiyo ilikuwa na uzito palipokuwa na maghorofa, Dar es Salaam hasa. Aliyepanga chumba cha tofali za udongo katika mji wa mbali haikumgusa. Mwenye nyumba wake hakuwa tajiri. Pengine alikuwa mjane ambaye kodi ya chumba ndiyo chakula chake.

Kwa watu hao wawili, wote maskini, jibu la tatu lilikuwa karibu zaidi. TANU ilipopanga watu katika mashina ya nyumba kumi kumi, miaka ya 1960, balozi wa shina alipelekewa magomvi ya kila namna, na ya kodi hayakukosa. Hakuwa na kitabu cha sheria, lakini alijua nani anaugua na nani anangoja kuuza mahindi. Aliweza kuomba muda kwa mmoja na kutoa ahadi kwa niaba ya mwingine. Nyuma yake walikuwapo ndugu, majirani na wenzi wa upatu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mwaka 2005 sheria ya kuzuia kodi ilifutwa. Waliotetea hatua hiyo walisema mpaka wa kodi huwavunja moyo wajengao. Tangu hapo mpangaji hutegemea mkataba wake, Sheria ya Ardhi ya 1999 na mabaraza yaliyowekwa na sheria ya 2002. Na tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata hupatanisha tu, halihukumu. Kadhalika, imekuwa desturi kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Zamani ndugu aliweza kumkopesha mtu kodi ya mwezi; ya mwaka ni wachache waiwezao.

Yafaa basi kupima kilichopotea. Kodi nafuu ni sehemu ndogo tu ya hasara hiyo. Sheria ya zamani na balozi wa nyumba kumi, kwa njia zisizofanana, vilimpa mdaiwa kitu kimoja: siku kadhaa, na sikio la mtu wa tatu kabla vyombo havijatolewa nje. Mpangaji wa Mjimwema asiye na mkataba wa maandishi wala stakabadhi ya alichokwisha lipa huenda barazani mikono mitupu. Mwenye navyo bado ana neno la kusema, na wa kulisikia.