Turubai la Koboko, kutoka pamba hadi plastiki

Turubai la zamani lilikuwa kitambaa kizito cha pamba au kitani, na adui yake alikuwa unyevu. Likikunjwa bichi na kufungiwa mzigoni siku tatu, huota ukungu kwenye mikunjo, na penye ukungu ndipo linapochanika upepo ukivuma. Henry Morton Stanley alilizingatia hilo mwaka 1887, alipoandaa msafara wa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria aliyekaa Wadelai, kando ya Nile, kusini-mashariki mwa Koboko ya leo nchini Uganda. Mahema yake yalitengenezwa London na kampuni ya John Edgington kwa kitambaa kilichochovywa kwenye mrututu. Stanley aliandika baadaye kwamba dawa hiyo iliyahifadhi miaka mitatu, yaani safari nzima. (Emin mwenyewe, alipopatikana Ziwa Albert Aprili 1888, hakuwa na haraka ya kuokolewa. Wengi wa askari wake walibaki, na ndio mababu wa Wanubi wa Arua na Koboko.)

Eneo hili, sehemu ya Lado, lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894, likarudi Sudan baada ya kifo chake, kisha mwaka 1914 likaingizwa Uganda na Arua ikawa boma. Utawala wa siku hizo ulisafiri na hema, na hema la pamba lilitaka mtu anayelijua. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba vitundu, ndiyo maana maji hayapiti. Lakini kitambaa hicho hicho hufupika, na kamba ya katani nayo hufupika. Hema lililowambwa jioni kama ngoma, mvua ikipiga usiku wa manane, hung'oa vigingi vyake lenyewe. Kwa hiyo mawingu yakitanda kamba hulegezwa kabla watu hawajalala. Asubuhi kuna mtihani wa pili: ama msafara ungoje hema likauke, ama wapagazi wabebe maji yaliyonywewa na kitambaa juu ya uzito wake. Ukanda huu hupata mvua kuanzia Aprili hadi Novemba, na mtihani huo haukuwa wa siku moja.

Malori yalipoanza kubeba pamba na tumbaku kutoka Arua, turubai lilihama kutoka kwenye vigingi likapanda juu ya vyuma vya bodi. Ujuzi wa kulikunja ukawa jukumu la utingo: kulikung'uta, kulianika, kulikunja kwa upana kisha kwa urefu, bila kurudia mkunjo wa jana mahali pale pale.

Plastiki ndiyo iliyovunja utaratibu huo. Polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na ile ngumu zaidi, inayofumwa kuwa turubai, Ujerumani mwaka 1953. Ilifika mikononi mwa watu wa eneo hili la Nile Magharibi kwa njia ya vita. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, wakazi wengi walikimbilia Zaire na Sudan. Miaka iliyofuata njia iligeuka, wakimbizi wakaja upande wa Uganda. Makazi ya Lobule, wilayani Koboko, yalipokea Wakongo kuanzia 2013. Bidi Bidi, katika wilaya jirani ya Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na watu zaidi ya 270,000.

Turubai la wakimbizi lina kipimo cha kawaida cha mita 4 kwa 5. Katikati yake kuna nyuzi nyeusi zilizofumwa, nje limepakwa plastiki nyeupe pande zote mbili, na pembezoni lina pete za kupitishia kamba. Ukungu haulili. Linaliwa na jua. Likiwambwa kiangazi kizima linakuwa kavu, tabaka jeupe linabanduka, na siku ya kulishusha halikunjiki tena: linakatika kwenye mkunjo, kwa sauti ya karatasi. Pamba iliharibiwa na kukunjwa vibaya. Plastiki inaharibiwa na kuachwa wazi, hivyo ufundi wa kukunja, ambao ungeirefushia maisha, ulififia wakati ulipohitajika kwa namna nyingine.

Badala yake umekua ufundi wa kuunga. Kona ndiyo hutangulia kufa, kwa sababu pete hubeba nguvu yote ya upepo. Dawa yake ni rahisi: kijiwe laini huwekwa chini ya turubai, plastiki hukusanywa kukizunguka kama shingo ya kifuko, na kamba hufungwa hapo. Pete mpya haihitajiki. Ukanda wa tyubu ya baiskeli ukiunganishwa kati ya kamba na nguzo hunyumbuka upepo unapovuta, na kona hupona. Maji yakijikusanya katikati ya kibanda cha sokoni, husukumwa kwa mti kutoka chini. Ncha ya mti isipofungwa kitambaa, hutoboa palepale palipokwisha kulegea.

Turubai lililokwisha kabisa hutandazwa uani kuanikia mihogo, kazi ambayo vitundu haviharibu kitu.