Kaburi la Nyali na Swali la Petro



Katika mkutano wa kuandaa jubilei hii, mmoja wetu aliuliza swali lililotunyamazisha sote: "Miaka hamsini tumeimba. Tumepata nini?" Baadhi yetu tulikasirika. Mwenyekiti akatukumbusha kwamba Petro naye alimwuliza Bwana vivyo hivyo, kwamba wao wameacha vyote, basi watapata nini, wala hakukemewa kwa kuuliza. Tukaamua kwamba badala ya semina tungekwenda Nyali na Rabai, mahali ambapo swali hilo liliulizwa kwa machozi zamani. Nauli tulichangishana, na asiye nacho alilipiwa.

Kaburi la Rosine Krapf liko Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alikuwa Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Walifika Mombasa mwaka wa 1844, baada ya kazi yao ya Ethiopia kuzuiwa, na huko Ethiopia walikuwa wamekwisha kumzika mtoto mmoja. Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua binti huku homa ikimwunguza. Akafa, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, hajiwezi. Hata hivyo aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi lile liwe kwao ishara ya kuwa kazi imeanza upande huu wa Afrika. Mama zetu wa sauti ya kwanza walisimama pale muda mrefu. Kati yao wapo waliozika watoto, na hakuna aliyetaka kuanzisha wimbo.

Mtu angetarajia kwamba baada ya malipo kama hayo mavuno yangekuja haraka. Hayakuja. Mwaka wa 1846 alifika Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai, juu ya vilima. Walifundisha, wakajifunza lugha, wakatafsiri Maandiko. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu maskini, mwaka wa 1851, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Miaka saba, mshirika mmoja, na huyo mmoja akazikwa! Katibu yeyote angeona haya kuiandika ripoti hiyo na kuisoma mbele ya mkutano mkuu. Lakini Mringe huyu ndiye aliyependa kukaa na Krapf usiku wakizungumza juu ya neno la Mungu, wakati wengi walilipa kisogo. Sisi tunaona kwamba historia zetu humtaja upesi mno.

Krapf aliondoka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki. Alikaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, akamzika mkewe Emma mwaka wa 1866, na mwishowe akapofuka. Alipoondoka 1875, aliyemwongoza hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waumini wale wachache wa mwanzo. Mwaka uliofuata Rebmann akafariki.

Na ni mwaka huohuo wa 1875 ambapo Frere Town ilianzishwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, si mbali na kaburi la Rosine. Kengele yao ndiyo iliyopapa Kengeleni jina lake. Kule Rabai, watumwa waliotoroka mabwana zao walipata kimbilio, nao walihatarisha zaidi ya wamishenari, kwa kuwa wao hawakuwa na London ya kuandikia. Mchungaji wao, William Jones, aliwahi kuwa mtumwa mwenyewe. Siku ya Mwaka Mpya 1889, watoro wapatao 1,400 walipewa uhuru wao baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Tulipofika Rabai, hapo ndipo tulipoimba, na dereva wa basi akatungojea saa nzima bila kunung'unika.

Kwaya yetu ilianza 1975, miaka mia moja kamili baada ya Rebmann kushikwa mkono na Nyondo. Waanzilishi walikuwa 14. Waliimba bila sare wala kinanda, wakifanya mazoezi chini ya mwembe kwa sababu kanisa lilikuwa halijaezekwa, na wengine walitembea gizani kurudi nyumbani. Siku hizi sisi tukipita saa kumi na mbili jioni tunaanza kutazama simu. Majina yao yako ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Tisa wamelala katika Bwana, na wengi wao hawakuwahi kuliona jengo hili mnaloketi ndani yake leo.

Kati ya watano waliosalia yuko mama yetu mmoja ambaye macho yake yamefifia. Ameomba aimbe nasi sauti ya pili, mahali pake pa zamani. Yule aliyeuliza swali kwenye mkutano ndiye aliyejitolea kumleta kutoka nyumbani na kumpandisha jukwaani.